Nyimbo 14 ninazorudia mwezi huu: nitume linki, folda au faili moja refu?

Mpenzi_wa_Besi:
Wakuu, kuna nyimbo 14 zimenishika mwezi huu, jumla dakika 52, na nimezipanga kwa mfuatano ambao kwangu ndio utamu wenyewe. Mfano: wa 6 unaishia na sauti moja ya kinanda inayofifia taratibu, na wa 7 unaanza na sauti ileile, safari hii ikiwa kwenye gitaa. Ukizisikia zikifuatana unadhani ni wimbo mmoja. Juzi nimemtumia rafiki yangu orodha kwenye programu ya muziki, akajibu "kali sana". Kumuuliza habari za pale kwenye kinanda, kumbe aliwasha kitufe cha kuchanganya, akaanza na wa 13!

Nataka kuwatumia na wengine. Linki ya orodha, folda la nyimbo mojamoja, au faili moja nililounga mwenyewe?

Sikio_Jipya:
Linki. Haijazi simu, ukibadili mawazo unatoa wimbo na kila mtu anapata orodha mpya. Halafu msanii anahesabiwa kila anaposikilizwa. Mafaili ya kupeana mkononi yeye hayaoni.

Kanda_Mbili:
Sisi wa enzi za kaseti hatukuwa na shida hii. Kanda ya C90 ni dakika 45 kila upande, na uliyempa hana kitufe cha kuchanganya. Unakaa na karatasi unajumlisha dakika, maana ukikosea hesabu kanda inaisha mwimbaji akiwa katikati ya neno. Nimewahi kumpa mtu kanda ya hivyo. Mpaka leo akiimba ule wimbo anaishia palepale.

Kwa hiyo mimi ni faili moja, ndiyo kaseti ya leo. Hiyo linki nayo haina dhamana: nina orodha ya miaka ya nyuma, nyimbo 4 zimegeuka kijivu, ukigusa hazipigi.

Fundi_Mawimbi:
Folda achana nalo kama ni MP3. Wimbo ukibanwa kuwa MP3 huongezewa kimya kidogo mwanzoni na mwishoni. Ni sehemu tu ya sekunde, na vipo vicheza muziki vinavyokiruka, lakini kisiporukwa kinanda chako kinakatika pale pale unapopasifia. FLAC, aina ya faili inayobana wimbo bila kupoteza sauti, haina tatizo hilo, ila ni nzito.

Ukiunga faili moja, kazi kubwa ni sauti. Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida husawazisha nyimbo kwenye takriban -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukiunga mwenyewe hakuna wa kukusawazishia: wimbo wa zamani wenye sauti ya chini ukifuatwa na wa leo, msikilizaji anarukia simu kupunguza. Shusha ulio juu. Ukiupandisha wa chini kwa nguvu, sauti itapasuka.

Na usipishanishe nyimbo, yaani mmoja kuanza mwenzake hajaisha, kila mahali kwa sababu tu programu inaruhusu. Wa midundo 80 kwa dakika na wa 160 wanakaa pamoja, mmoja ni mara mbili ya mwenzake. Wa 92 ukipandana na wa 105, midundo inagongana kama viatu kwenye ngazi. Hapo acha wa kwanza uishe, weka kimya cha sekunde moja, endelea.

Ukubwa: dakika 52 kwa 128 kbps (kilobiti kwa sekunde, ikipanda faili linakuwa zito) ni kama MB 50, kwa 320 kbps kama 125. Wenye bando la kubana watakushukuru kwa ya kwanza.

Sikio_Jipya:
Dakika 52 mfululizo nani anazo? Wimbo nisioupenda naruka. Kwenye faili moja nitavuta kidole mpaka lini?

Kanda_Mbili:
Kijana, wimbo niliokuwa nikiuruka ndio uliokuja kunikaa. Kwenye kaseti kuruka kulikuwa kazi, basi unauvumilia, mara ya tano unajikuta unauimba.

Bi_Nota:
Andika kwenye ujumbe kila wimbo unaanza dakika ya ngapi, jina na msanii. Mwenye haraka ataruka, mwenye kupenda atamtafuta msanii. Mimi nina faili la mtu lisilo na jina hata moja, kuna kiitikio humo nakihangaikia hadi leo.

Mpenzi_wa_Besi:
Basi nimeunga. Nimepishanisha sehemu 3 tu, kwa 128 kbps, na dakika nimeziandika. Na linki nimeiweka chini ya ujumbe kwa ajili ya wasanii na kwa ajili ya Sikio_Jipya. Nimewatumia wote sanduku la ujumbe.

Bi_Nota:
Pale kwenye kinanda nimerudisha nyuma mara tatu. Wa 11 utoe lakini, unapoza moto wote.

Mpenzi_wa_Besi:
Dada, wa 11 hautoki.

Sikio_Jipya:
Mimi nimeuruka.