Tupeane uzoefu: barua pepe yako ilipodukuliwa ulianzia wapi?

Mtu wa Mtumba (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Hapa ofisini kwetu Mji wa Serikali, Dodoma, kuna wenzetu wawili wamepoteza barua pepe zao binafsi kwa kufuatana. Wote walipewa ushauri uleule: badilisha nywila. Mmoja akabadilisha, akashukuru Mungu, akalala. Asubuhi jamaa yuko ndani tena, anajibu barua kwa jina lake.

Tusichukulie poa. Ajira Portal unaingia kwa barua pepe. Facebook, Instagram, akaunti ya BRELA, picha za watoto, majina yote ya kwenye simu ya Android, vyote vimefungwa hapo. Aliyeishika anakwenda huko kwingine anabonyeza "nimesahau nywila", na kiungo cha kufungulia kinamfuata yeye.

Sasa naomba tupeane uzoefu, ila ule wa kweli. Mambo ya "weka nywila ngumu" tumeshayasikia mpaka basi. Semeni mlijuaje, mlianza na nini, na kitu gani kilikuwa bado kimebaki wakati mnadhani mmemaliza. Wanaouza huduma ya kurudisha akaunti wapite mbali.

Alizeti Kibaigwa

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nakamua alizeti, wateja wa jumla wako Dar na mmoja yuko Nairobi. Huyo wa Nairobi mhasibu wao hataki WhatsApp, oda na ankara zote ni kwa barua pepe. Msimu mmoja mzigo umefika, hela kimya. Nikasema labda wamebanwa, nikavumilia. Mwisho nikapiga. Jamaa ananiambia kwa upole kabisa, "Lakini ndugu yangu, tulishalipa kwenye ile akaunti mpya uliyotutumia."

Akaunti mpya ipi tena?

Nafungua barua pepe kwenye simu, hakuna kitu. Zilizotumwa, safi. Barua za mteja za wiki hizo zote hazipo, utadhani hakuwahi kuniandikia. Nikabadilisha nywila palepale nikiwa bado naongea naye. Nikamwambia hebu niandikie neno moja tu. "Nimetuma." Sioni. "Nimetuma tena." Sioni! Nywila ni mpya, naijua mwenyewe, na barua bado hazifiki.

Aliyenikwamua ni binti wa mdogo wangu, anasoma UDOM. Akaniambia, "Baba mkubwa, hiyo programu ya kwenye simu haioneshi vichujio, yale masharti ya kupanga barua zinazoingia, mpaka ufungue kama uko kwenye kompyuta." Kompyuta hatuna. Akaingia Chrome ya simu yangu, akabonyeza vidoti vitatu vya juu, akachagua mwonekano wa kompyuta, akafungua Gmail humo. Maandishi yakawa madogo kama ulezi, anavuta kwa vidole viwili huku mimi nashika tochi maana umeme ulikuwa umekatika. Mipangilio, mipangilio yote, kisha vichujio. Tukakuta sharti moja limekaa limetulia: barua yoyote kutoka kwa yule mteja ihesabiwe imesomwa, itupwe kwenye takataka. Kichupo cha jirani, kile cha kupeleka barua kwingine, kina anwani nisiyoijua inapokea nakala ya kila kinachoingia.

Mwizi alikuwa anamwandikia mteja kutoka ndani ya akaunti yangu, kwa jina langu, akimaliza anafuta. Ankara ni yangu, nembo ni yangu, hata ile salamu yangu ya "habari za uzima" ipo. Kilichobadilika ni namba ya akaunti ya benki tu. Na takataka ya Gmail hujifuta yenyewe baada ya siku 30, kwa hiyo barua za mwanzo hatukuziona hata huko.

Kubadilisha nywila hakugusi vichujio. Hilo ndilo nililojifunza kwa bei ya pipa kadhaa za mafuta. Benki ya mteja ilipoarifiwa sehemu ya hela ilikuwa haijatolewa, ikazuiwa. Iliyobaki tuligawana hasara baada ya maneno mengi, na urafiki umebaki wa kibiashara tu. Siku hizi ankara zangu chini zimeandikwa kwa herufi nyekundu: ukiona akaunti imebadilika usilipe, nipigie kwa namba uliyonayo siku zote.

Kijana wa Chimwaga

Nimetoka mbio kwenda kuangalia vyangu. Vipo viwili, vyote niliweka mwenyewe enzi hizo kuzuia matangazo ya kubeti. Moyo umerudi mahali pake.

Kauntabuku

Mimi niko upande wa pili wa kaunta. Nimefanya kazi steshenari miaka, jirani na chuo, jina la duka niachieni.

Msimu wa ajira zikitangazwa foleni inafika barabarani. Mtu amekuja na bahasha ya vyeti, anataka kuomba kazi, hana barua pepe. Unamfungulia. Nywila unaweka jina lake na mwaka wa kuzaliwa ili asisahau. Mfumo unataka namba ya simu ya kuthibitisha, yeye simu imezima chaji. Unaweka ya dukani, mambo yaende. Ukimaliza unaandika kwenye kauntabuku: jina, barua pepe, nywila, simu. Mwezi ujao atarudi amesahau kila kitu, utamsomea.

Hilo kauntabuku lilikaa juu ya mashine ya fotokopi. Juu kabisa. Anayesubiri kopi zake anaweza kulifunua akasoma kama gazeti, na wafanyakazi waliopita pale ni wengi, kila mmoja na simu yenye kamera.

Kisha mama mmoja anakuja analalamika amedukuliwa na Warusi. Mama, Mrusi atajua wapi habari za cheti chako cha ukunga?

Kama barua pepe yako ilizaliwa steshenari, fanya hivi. Ingia myaccount.google.com, sehemu ya usalama, tazama namba ya simu na barua pepe ya urejeshaji ni za nani. Kama si zako, ondoa, weka zako, na nywila ubadilishe kwa mkupuo huohuo. Ukibadilisha nywila ukaiacha namba ya dukani, mwenye ile laini ataomba kodi (zile tarakimu za kuthibitisha zinazokuja kwa SMS), itamfikia, ataingia. Halafu shuka kwenye orodha ya vifaa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, au ile ya dukani uliyoingilia zamani, itoe.

Mtu wa Mtumba

Kauntabuku, yule mwenzetu aliyevamiwa mara ya pili nimemuuliza sasa hivi. Alifunguliwa steshenari, Nkuhungu, wakati anatafuta kazi. Namba ya urejeshaji inaishia na tarakimu asizozitambua. Amekaa kimya hapa anaangalia dari.

Dada wa Ipagala

Yangu sijui kama inaitwa kudukuliwa, ila maumivu ni yaleyale. Nilikuwa na laini ya tangu chuo. Nilipohamia Manyoni kikazi nikanunua nyingine, ile nikaiacha kwenye droo. Laini isipotumika muda mrefu mtandao huirudisha sokoni, na yangu ikaenda kwa kijana mmoja. Kule Gmail namba ya urejeshaji ilikuwa bado hiyohiyo.

Kijana kuweka namba kwenye simu mpya, sijui alibonyeza nini, akaunti yangu ikamjia, akaomba kodi, ikaingia kwake. Akabadilisha nywila na kuiondoa barua pepe ya mume wangu niliyokuwa nimeiweka ya akiba. Nikampigia kwa namba yangu mwenyewe! Akapokea. "Shikamoo dada. Mimi nilijua haina mwenyewe." Shikamoo yake niliipokea, nifanyeje.

Yeye alikuwa tayari kunirudishia ila nywila aliyoweka ameshaisahau. Kilichoniokoa ni kwamba urejeshaji ukibadilishwa, Google inaweza kukuruhusu kutumia namba au barua pepe ya awali kwa siku 7. Nikaomba kodi iende kwa mume wangu, ikaja. Nilifanya hayo nyumbani, kwa simu yangu ya siku zote, maana mfumo unaangalia pia kama uko kwenye kifaa na mahali ulipozoea. Ofisini mtu aliniambia subiri mwisho wa mwezi nikitulia. Ningesubiri ningekuwa nalia hadi leo.

Na mkiwa hapo pigeni *106# mwone laini zilizosajiliwa kwa NIDA zenu. Mimi nilikuta moja siijui, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Rejesha Chap

Poleni sana ndugu zangu. Kuna mtaalamu alinirudishia yangu ndani ya dakika chache, bei nafuu, malipo baada ya kazi. Nicheki pembeni nikuunganishe.

Mtu wa Mtumba

Si nilisema mapema?

Mke Mwenza wa Bando

Shemeji yangu aliangukia kwa "mtaalamu" wa namna hii. Kazi ya mtaalamu ilikuwa kumwambia, "Kuna kodi imeingia kwenye simu yako, nisomee niithibitishe." Akasomewa. Kumbe akaunti ilikuwa haijaenda popote, huyo mtaalamu ndiye akaenda nayo. Kurejesha ni bure, unaandika g.co/recover basi. Hakuna mtu wa Google anayekaa mtaani kupokea elfu themanini yako.

Mwalimu wa Bahi

Kwangu hawakutaka akaunti, walitaka watu. Kila jina lililokuwemo likapokea barua: niko Dar, nimelazwa, simu imeibiwa, nitumie laki mbili kwa namba hii nitarudisha mshahara ukitoka. Walimu wenzangu, wazazi wa wanafunzi, mchungaji. Mchungaji alituma, na Jumapili akanitangaza nikaombewa. Nikiwa nimekaa benchi la tatu.

Polisi nilikwenda kuchukua RB. Askari wa zamu akaniuliza kilichoibwa ni nini na thamani yake shilingi ngapi. Nikasema barua pepe. Akaandika "barua", akauliza ngapi. Sikumlaumu sana, na yeye anajaza fomu aliyopewa. Kesho yake nikarudi na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, nimeichapisha na kuipigia mstari. Alikuwepo mwingine, akanisikiliza, RB ikatoka. Ilinisaidia kwa sababu kampuni ya simu yenye ile namba ya tapeli haikutaka kusikia habari zangu bila karatasi ya polisi. Namba yenyewe tuliituma pia 15040 kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Ila ukweli, kilichozuia hela zisiendelee kutoka hakikuwa RB. Ni mke wangu. Aliandika kwenye magrupu yote, la ukoo, la kwaya, la kikoba, "Mwalimu mzima, yuko hapa anakula ugali, msitume kitu", akaweka na picha. Hiyo ifanywe kabla ya kugusa nywila, kama una mtu wa kukushikia simu ya pili.

Mzee wa Makole

Nyie mna muda. Mimi yangu iliposhikwa nilifungua nyingine, nikawaambia watoto, yakaisha.

Dada wa Ipagala

Baba, shikamoo. Hiyo ya zamani uliiacha imefungua nini na nini? Kama Facebook bado inaitambua, aliyeichukua anaingia kwa jina lako leo akitaka. Kuhama sawa, lakini pita kwanza kote ulikojisajili ubadilishe anwani. Na kama ulitumia nywila moja sehemu zote, haveibeenpwned.com utaona kama anwani yako imo kwenye taarifa zilizokwisha kuvuja. Ni bure, imekuwepo tangu 2013, na haikuombi nywila.

Mzee wa Makole

Marahaba. Nimeangalia. Imo. Nimekasirika upya.

Bodaboda Msomi

Wakuu mimi niko motoni sasa hivi. Nimeshabadilisha nywila, namba ya urejeshaji ni yangu, laini iko mkononi, vichujio hakuna, na bado anaingia. Nina simu tu, kompyuta sina. Nifanye nini?

Kauntabuku

Kama namba ni yako na bado anapata kodi, basi kodi anaisoma ndani ya simu yako. Fungua mipangilio, programu, kisha ruhusa, halafu meseji. Tazama nani amepewa ruhusa ya kusoma SMS. Angalia na ile sehemu ya ufikivu (Accessibility), programu nyingi za wizi hujificha hapo. Chochote ulichopakua kwa kiungo, nje ya Play Store, ndicho cha kwanza kukitilia shaka.

Bodaboda Msomi

Kuna ya mkopo wa haraka, nilitumiwa kiungo na mtu wa kijiweni. Imeruhusiwa meseji, majina, kamera, kila kitu. Mkopo wenyewe hata hawakunipa.

Kauntabuku

Toa ruhusa kwanza, kisha ifute. Ikigoma kufutika, iondoe kwenye wasimamizi wa kifaa ndipo ujaribu tena. Nywila mpya usiiandikie kwenye simu hiyo mpaka uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Tumia ya mtu unayemwamini. Kwa mtu, si steshenari.

Bodaboda Msomi

Imefutika. Naenda Chang'ombe kwa dada, ana kompyuta ya kazini. Nikitoka huko nitaleta mrejesho.