Kwanini ramani za kwenye simu hazioneshi daladala za Tanga?

mwana_chumbageni:
Habari zenu wakuu, naomba kueleweshwa. Mamdogo anakuja toka Dodoma kumuona mgonjwa hospitali ya Bombo, atashukia stendi ya Kange, nikataka nimtumie njia kwenye ramani ili watu wa bajaji wasimpige bei. Naandika Kange kwenda Bombo napewa gari binafsi na kutembea kwa miguu, nikibonyeza alama ya basi hakuna kitu. Na barabara zote zimechorwa mpaka vichochoro vya Ngamiani! Jamaa yangu Nairobi anasema kwao matatu zinatokea na namba zake. Sisi tunakwama wapi, na raia wa kawaida anaweza kuongeza?

fundi_data:
Mkuu, kuijua barabara ni kitu kimoja, kujua gari gani inapita hapo ni kingine. Basi litokee lazima mtu aipe ramani mafaili yanaitwa GTFS, ni maandishi tu yamefungwa kwenye zip, moja lina vituo, lingine ruti, lingine muda wa gari kufika kila kituo. Utaratibu huo ulianzia Portland, Marekani, 2005, shirika la usafiri la kule, TriMet, pamoja na Google, na kule basi lina ratiba ya dakika kwa dakika wakati daladala inaondoka ikijaa. Nairobi hawakusubiri ratiba. Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia, vyuo vya Marekani, walituma watu wakapanda matatu simu zikirekodi njia na vituo, mradi wa Digital Matatus, ramani ikatoka 2014 na mwaka uliofuata zikaingia Google Maps.

konda_wa_zamani:
Sawa ila jioni gari zinakatisha ruti, kibao kinasema hivi suka anageuzia njiani, hiyo ramani itamdanganya mgeni. Halafu majina. Hakuna abiria anayetaja jina la mtaa lililoandikwa serikalini, anasema shusha msikitini, shusha kwenye mwembe, konda anagonga bodi, gari inasimama. Mkiweka majina ya kwenye makaratasi mgeni atamtajia konda kituo ambacho konda mwenyewe hakijui.

fundi_data:
Hapo kwenye majina nakuunga mkono kabisa, andikeni lile analoita konda. Kukatisha ni kweli kupo, ila ruti ya kwenye leseni ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ndo ichorwe, hiyo abiria ana haki ya kuidai. Ratiba nayo isiwatishe, GTFS ina faili la kusema gari inapita kila baada ya dakika kadhaa bila kutaja saa.
Kwa raia wa kawaida anzia OpenStreetMap, ramani ya bure mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, fungua akaunti, panda daladala na simu irekodi njia, weka alama ya kituo kila upande wa barabara maana kwenda na kurudi havilingani, kisha unganisha viwe ruti moja. Usinakili toka ramani nyingine, leseni hairuhusu. Kuingia Google Maps ni hatua nyingine, pale wanataka data toka kwa mamlaka au mwenye huduma, lakini ukienda LATRA na vituo vimeshachorwa una cha kuwawekea mezani.

mwana_chumbageni:
Nimekupata vizuri sana mkuu, shukrani. Jumamosi nachukua Kange mpaka mjini, kwenda na kurudi, nitakaa siti ya mbele niulize majina kwa konda mwenyewe. Kuna mtu wa Pongwe humu achukue upande ule?