Leza ya kuondoa nywele kwa ngozi nyeusi: dayodi ya mawimbi matatu au Nd:YAG?

Mwenye swali
Wakuu, habari za kazi. Kliniki inataka kuanza huduma ya kuondoa nywele kwa leza. Wateja wengi ni wa ngozi nyeusi, aina ya V na VI kwa kipimo cha Fitzpatrick (kipimo cha rangi ya ngozi, kuanzia I nyeupe sana hadi VI nyeusi sana), na shida kubwa ni ndevu za kidevuni na vipele vya kunyoa. Profoma ziko mbili: leza ya dayodi yenye urefu wa mawimbi wa aina tatu (nanomita 755, 808 na 1064) iliyoandikwa wati 2000, na Nd:YAG (leza ya fuwele) ya 1064 peke yake, ambayo ni ghali zaidi. Muuzaji wa dayodi anasema inafaa ngozi zote. Niangalie nini kabla ya kulipa?

FundiMwanga
Anza na ngozi ya wateja, wati zitafuata. Mwanga wa leza hunyonywa na melanini (rangi asilia ya ngozi na nywele), na melanini iko mahali pawili: kwenye unywele, tunakotaka joto, na kwenye tabaka la juu la ngozi, tusikolitaka. Wimbi likirefuka, melanini hulinyonya kidogo na mwanga huzama zaidi. Ndiyo maana 755 huwafaa weupe na kuwaunguza weusi, 808 iko katikati na hutaka mkono mwangalifu, na 1064 ndiyo salama zaidi kwa V na VI. Hasara yake ni kwamba inauma zaidi na nywele nyembamba haziguswi sana. Kwa ndevu nene nyeusi hilo la pili si tatizo.

Muulize muuzaji swali moja tu: 755 inazimika? Vichwa (sehemu ya mashine inayopitishwa juu ya ngozi) vingi vya aina hiyo hufyatua mawimbi yote matatu kwa pigo moja. Kama haizimiki, usiiweke kwenye ngozi ya aina VI.

Sasa wati. Wati mara sekunde ni juli. Kichwa cha mm 12 kwa 20 kina eneo la sm² 2.4, hivyo juli 10 kwa sm² ni juli 24 kwa pigo. Wati 1200 za kweli huzitoa kwa milisekunde 20, wati 600 kwa milisekunde 40. Ngozi nyeusi inahitaji pigo refu, milisekunde 30 na kuendelea, kwa sababu tabaka la juu linawahi kupoa wakati kinyweleo, kilicho kinene, bado kimeshika joto. Kwa hiyo wati 2000 si sababu ya kununua. Tena namba hiyo huenda ni ya dayodi zenyewe, si ya mwanga unaotoka mbele ya kioo cha kichwa. Waje na kipima nishati, wapige kwa viwango vitatu vya skrini, mlinganishe. Kiwango cha IEC 60601-2-22 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa leza za tiba) hakikubali tofauti inayozidi asilimia 20.

MajiNaVipuri
Hapo juu pametosha. Mimi naongezea kinachoua dayodi: maji. Dayodi nyingi hupozwa kwa mifereji midogo sana. Maji ya bomba huacha chokaa, mfereji ukiziba dayodi hupata joto na kufa, nguvu hushuka polepole huku skrini ikionyesha juli zilezile. Tumia maji yaliyokenekwa au yaliyoondolewa madini tu, ubadilishe maji na chujio kwa ratiba ya kitabu cha mashine. Hakikisha mashine inajizima yenyewe mtiririko ukipungua. Jaribu mbele ya muuzaji.

Dhamana ya kichwa isome kwa mapigo. Kwa mapigo 10 kwa sekunde, dakika 30 za kazi ni mapigo 18,000. Dhamana ya mapigo milioni 10 ni takriban vipindi 555 vya hivyo, na kliniki yenye wateja sita kwa siku huvimaliza kabla ya siku 100. Bei ya kichwa kipya iandikwe kwenye mkataba leo.

Mwenye swali
Asanteni sana. Nimeuliza: 755 haizimiki. Je, kwa kuanzia nichukue IPL (mashine ya mwanga mkali wa mapigo), ambayo ni nafuu?

NgoziKwanza
Hapana. IPL si leza. Hutoa mchanganyiko mpana wa mawimbi, na mengi ni yale mafupi ambayo ngozi nyeusi huyanyonya juujuu. Matokeo ni malengelenge na madoa ya miezi mingi. Chukua Nd:YAG yenye kipoza ngozi kilicho ndani ya kichwa au hewa baridi, na pigo linalopangika.

Mambo mawili ambayo huwa hayamo kwenye profoma. Miwani: iandikwe 1064 pamoja na kiwango cha kinga, kwa mteja na kwa mhudumu, miwani ya 755 haikingi 1064, na mwanga huo hauonekani kwa macho, kwa hiyo jicho halitapepesa kujikinga. Kioo cha kichwa: mteja anyolewe vizuri kabla, kwa sababu nywele zilizobaki juu huungua na kugandia kwenye kioo, doa hilo hunyonya mwanga, na pigo linalofuata huacha alama ya moto. Kifute kila baada ya mistari michache.

Jaribio la ngozi lifanyike kwenye eneo dogo chini ya taya. Kwa aina V na VI, saa 48 hazitoshi, maana madoa huchelewa kujitokeza. Subiri wiki mbili ndipo upige uso mzima.