Watoto wanashinda gemu ya usalama wa mtandaoni, ila je wanaelewa?

mwl_kompyuta
Habari zenu wadau, naomba mawazo hasa ya walimu wenzangu na wazazi. Nafundisha kompyuta watoto wa miaka 9 mpaka 12, na kuna vipindi vya usalama wa mtandaoni ambavyo ukiwasomea kanuni ubaoni wanasinzia wote, kwahiyo nikawawekea Interland, ile gemu ya bure ya Google iliyotoka 2017, inachezwa humo humo kwenye brauza. Wameipenda balaa, hasa ule mnara ambapo unamkimbia mdukuzi huku unajenga ngome kwa paswedi imara. Sasa mtoto anamaliza kwa pointi za juu kabisa, kengele haijalia bado, namsikia anamtajia mwenzake paswedi yake kwa sauti darasa zima linasikia 😂 Hivi gemu zinafundisha kweli au wanajifunza tu kubonyeza jibu sahihi? Na kama kuna nyingine nzuri nitajieni.

fundi_seva
Mkuu, gemu inafundisha kile inachokulazimisha kufanya, basi. Ikiwa ni maswali ya kuchagua, mtoto anagundua fasta kwamba jibu refu lenye adabu ndio sahihi, anabonyeza hilo bila hata kusoma swali. Kuna moja ya zamani, Anti-Phishing Phil, waliitengeneza Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 2007: wewe ni samaki mdogo, kila mnyoo umebeba anwani ya tovuti, ya kweli au ya uongo, unaamua kula au kukataa. Ukila wa uongo umenaswa, ila hata ukikataa mnyoo wa kweli inakugharimu. Hapo ndio utamu wake, maana mtoto anayekataa kila kitu hajajifunza chochote, ameogopa tu.

Hata bila gemu waandikie ubaoni hii:
mchezowako.com.zawadi-bure.xyz/ingia
Waulize hii tovuti ni ya nani. Karibu wote watasema mchezowako. Waoneshe watafute mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, halafu warudi nyuma kushoto, mwenye mali ni zawadi-bure.xyz, huko mbele ni mapambo tu, mtu yeyote anaweza kuandika anachotaka.

mama_pacha
Fundi umesema vizuri ila mimi kama mzazi linki sio kinachoninyima usingizi. Kinachonitisha ni yule mtu anayecheza na mwanangu kwenye chati ya gemu, anampa zawadi za humo ndani, anamsifia, anamwambia na yeye ana miaka 11, baada ya wiki kadhaa anamwambia tuhamie WhatsApp na usimwambie mama. Huyo hana anwani ya kukagua, mtoto anamuona rafiki. Na hizi gemu zote mwisho zinasema "mwambie mtu mzima unayemwamini", kwenye skrini ni kitufe kimoja tu unapata nyota, nyumbani mtoto anajua akisema simu inachukuliwa, sasa atasema kweli?? Mwalimu ukipata nafasi ongea na wazazi kwanza kabla ya watoto, tukubaliane kwamba mtoto akija kusema hanyang'anywi simu.

dogo_scratch
Wape watoto watengeneze gemu wenyewe mwalimu. Kuna Scratch, programu ya watoto ya kutengenezea gemu, ni ya bure na ina toleo la kuinstoo, intaneti ikikata mnaendelea tu. Mwambie kila mmoja atunge mtego wa kumnasa mwenzake, yaani ule ujumbe wa "hongera umeshinda almasi 1000, bonyeza haraka zimebaki dakika 5". Utashangaa wanavyojua 😅 na wakishaandika wenyewe hilo neno "haraka" wanaanza kulinusa kila mahali. Angalizo tu wasitumie majina na picha za kweli humo ndani.

mwl_kompyuta
Asanteni sana. Hii ya Scratch naijaribu kipindi kijacho. @mama_pacha umenigusa, ila nikiongea na wazazi kuna ambao wataniambia dawa ni kutompa mtoto simu kabisa, hapo najibuje?

mama_pacha
Waambie atashika ya rafiki yake tu, na huko ndio hutaona kitu. Mwenye mtoto mdogo simu ikae sebuleni, sio chumbani, hilo wengi watakubali bila ubishi.

fundi_seva
Nilisahau, kuna nyingine ya bure ya FBI wa Marekani, Safe Online Surfing, darasa la 3 mpaka la 8, kila darasa lina kisiwa chake. Ni ya Kiingereza na mambo mengine ni ya kwao kwahiyo ipitie mwenyewe kwanza. Na hiyo paswedi iliyotajwa darasani, mwambie mtoto aibadilishe leo leo.

mwl_kompyuta
Imeshabadilishwa mkuu, na hiyo mpya pia mtoto alitaka kunionesha nione kama ni imara 🙆‍♂️