Ushauri: BMW X5 au Prado? Nataka gari linalotulia na lenye nguvu, niko Mbeya

Mtoto wa Milimani (mleta uzi):
Wakuu, habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nina kama milioni 85 na nataka kuachana na IST yangu. Kichwani nimebaki na magari mawili: BMW X5 ya dizeli bodi F15, na Prado 150 ya dizeli. Sijawahi kuendesha hata moja, ndiyo maana nauliza. Naishi Mbeya mjini, matumizi yangu ni ya kawaida tu, kazini na safari za hapa na pale. Naomba kujua vitu viwili: lipi linatulia zaidi abiria asichoke, na lipi lina nguvu. Zile habari za "gari la Mjerumani litakufilisi" nimezisoma mpaka basi, tuziache. Nawasilisha.

Passo Nyekundu:
Mimi nina Passo. Nimekaa siti ya mbele nasikiliza wenye magari wakiongea.

Fundi Igawilo:
Mkuu, kwenye lami hakuna mechi. X5 kila tairi linajitegemea, na bodi na chesisi ni kitu kimoja. Prado imekaa juu ya chesisi ya ngazi, yaani fremu ya vyuma iliyojitenga na bodi, na ekseli yake ya nyuma ni mti mmoja. Tairi la kushoto likiingia shimoni, la kulia linapata taarifa.

Nguvu ndiyo usiseme. X5 30d ina farasi 258 na mvuto wa Nm 560, inafika 100 kutoka sifuri chini ya sekunde 7. Prado ya 2.8 iliyoanza 2015 ina farasi 177 na Nm 450, inataka sekunde 12 na ushee. Uzuri ni kwamba zote zina tabo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini. Mbeya tuko mita 1,700 hivi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000. Chukua Prado ya petroli ya 2.7 upande nayo Mlima Nyoka nyuma ya semi ya Zambia, utaomba maji.

Ila hizo "safari za hapa na pale" ni za wapi? Taja barabara.

Tajiri wa Viazi:
Mimi niliwahi kuwa na gari la Ulaya, kampuni siitaji maana kuna mashabiki humu. Lilikuwa na springi za upepo. Natoka Njombe naja Mbeya na familia, nafika Igurusi nanunua mchele, narudi nakuta gari limekaa chini upande mmoja kama ng'ombe aliyegoma kupanda lori. Taa za dashibodi zimewaka zote. Fundi wa pale akaja na spana, akalizunguka, akaniuliza, "Bosi, funguo unaingizia wapi?" Nikajua leo tunalala hapa. Mke wangu mpaka leo tukipita Igurusi anafumba macho makusudi.

Fundi Igawilo:
Pole tajiri, lakini springi za upepo zikizeeka zinavuja gari lolote, hata la Mjapani. Hazitaki mshangao, zinataka kupimwa kabla ya kununua. Liegeshe usiku kucha sehemu tambarare, asubuhi pima kila kona kutoka ukingo wa fenda hadi chini. Upande ulioshuka ndio unaovuja. Turudi kwenye swali: barabara gani?

Askari Mstaafu:
Nguvu za nini kijana? Kuanzia Uyole mpaka Igawa ni kibao cha hamsini, tuta, hamsini, rasta, tochi ya trafiki. Sekunde 7 zako utazilipia faini.

Mtoto wa Milimani:
Mzee wangu Mstaafu, nguvu siyo za kukimbiza, ni za kuovateki. Ukikaa nyuma ya semi kwenye mlima, sekunde chache zina maana kubwa.
Fundi, barabara ni lami karibu yote.

Fundi Igawilo:
Karibu?

Mtoto wa Milimani:
Mpaka Chimala ni lami. Halafu napanda Matamba.

Passo Nyekundu:
KONA HAMSINI NA SABA! Jamaa kaficha kona hamsini na saba ndani ya "hapa na pale" 😂😂

Tajiri wa Viazi:
Mkuu hiyo siyo barabara ya kuisahau kuitaja. Nimepanda pale na Fuso la mbolea, kona unaikata mara mbili, unarudi rivasi huku tairi la nyuma linaangalia Usangu yote iliyo chini.

Mtoto wa Milimani:
Sikuificha. Nilijua nikiitaja tu mtasema Prado hata kabla hamjafikiria. Na ndicho mnachotaka kufanya. X5 kutoka chini ni milimita 209, Prado ni kama 220. Tofauti iko wapi hapo? Watu wanaogopa nembo tu.

Dada wa Sae:
Samahani kaka, mimi siyo mtaalamu wa magari. Ila umeandika "abiria asichoke". Dereva anayejinunulia gari huuliza kuhusu yeye mwenyewe. Abiria ni nani?

Mtoto wa Milimani:
Familia tu, dada.

Dada wa Sae:
Mtoto? Mjamzito? Mzee? Kila mmoja anataka gari lake.

Mtoto wa Milimani:
Haya. Ni mzee wangu. Yuko Matamba, ana tatizo la mgongo, pingili za chini. Ana kliniki hospitali ya Rufaa hapa Mbeya. Mara ya mwisho nilimleta na IST, tulipofika Chimala akaomba ashuke alale kwenye benchi la duka. Sikutaka kuanika mambo ya nyumbani.

Dada wa Sae:
Pole sana kaka, na mzee apone. Mama yangu alivunjika nyonga, miaka hiyo tuko Tukuyu. Kilichomtesa siyo mwendo, ni kupanda na kushuka. Kaka yangu alikuwa na gari refu, tukimpandisha tunambeba kama gunia, analia. Tukaazima Noah ya jirani: mlango unateleza, sakafu iko chini, anakaa kwanza halafu anageuza miguu. Akaacha kulia. Kwa hiyo kabla ya farasi mia ngapi, angalia siti iko usawa gani na makalio ya mzee. Ikiwa juu anapanda mlima, ikiwa chini kama IST anadondokea. X5 naiona iko katikati, Prado inataka ngazi ya pembeni na mtu wa kumshika.

Mtoto wa Milimani:
Asante dada. Umeona wakuu? X5.

Dada wa Sae:
Sijasema hivyo kaka. Nimesema mpeleke mzee akakae.

Mwinjilisti wa Mwanjelwa:
Kijana, milioni 85 si ungempangia mzee nyumba jirani na hospitali, ukamwekea na msaidizi, chenji ikabaki? Magari ya anasa ni mtego. Waheshimu wazazi.

Mtoto wa Milimani:
Mzee hataki mjini, mwinjilisti. Ana ng'ombe wake. Na pesa ni ya kwake, kauza miti. Yeye mwenyewe kasema nitafute gari asiumie. Nadhani hilo nalo mlitaka kulijua.

Mwinjilisti wa Mwanjelwa:
Kumbe pesa ni ya mzee! Na wewe unauliza habari za sekunde 7!

Fundi Igawilo:
Tumwache mwinjilisti apumue. Mleta uzi, sasa umeuliza swali linalojibika. Mgongo hauumizwi na kuyumba, unaumizwa na kile kipigo kifupi kinachopanda wima kutoka kwenye siti. Kwenye vumbi lenye mawimbi, chemchemi ya kwanza siyo springi, ni ubavu wa tairi. Kuna X5 zinazoletwa na rimu za inchi 20: mbele 275/40, nyuma 315/35. Piga hesabu, ubavu ni milimita 110 tu. Ya inchi 18 ni 255/55, ubavu 140. Prado ya 265/65 rimu 17 inafika 172. Hapo ndipo Prado inapofuta aibu ya ekseli yake. X5 ileile ukiiweka rimu 18 ni gari jingine kabisa.

Pili, mzee akae siti ya mbele, imelazwa kidogo. Ukimweka ile siti ya tatu ya Prado, kakaa juu ya ekseli, umemuua.

Mtoto wa Milimani:
Nakuelewa fundi, lakini inchi 20 siyo mbaya hivyo. Prado inanesa. Hii X5 imetulia, Kitonga imepita malori kama yameegeshwa na chai kwenye kikombe haikumwagika.

Mpelelezi Binafsi:
Subirini kwanza. Mwanzo umesema hujawahi kuendesha hata moja. Sasa ni "hii X5", na imepanda Kitonga. Kitonga iko mbele ya Iringa, ukielekea Dar. Mbeya kwenda Chimala unapitaje Kitonga? Tena nimeingia kwenye nyuzi zako za nyuma, mwezi wa pili ulikuwa unatafuta tairi za mtumba za IST. Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga.

Passo Nyekundu:
Na haikumwagika, kasema mwenyewe 😂 Leteni chapati.

Askari Mstaafu:
Nilishangaa mapema. Maelezo ya mtuhumiwa yanabadilika kila akiulizwa.

Tajiri wa Viazi:
Kwa hiyo mgongo wa mzee nao ni chai? Nimemwonea huruma bure. Weka picha.

Dada wa Sae:
Habari ya kulala kwenye benchi la duka haitungwi jamani. Muulizeni kistaarabu.

Mtoto wa Milimani:
Picha siweki, namba ya gari ya mtu. Sikilizeni. Gari nimelitoa Dar wiki iliyopita, nimelipa nusu, nyingine namalizia mwisho wa mwezi, na tumeandikishana kwamba likinishinda narudisha. Liko hapa mtaa wa Forest chini ya turubai. Mzee hajaliona. Nilisema sijaendesha kwa sababu ningesema ninalo mngenipongeza tu, au mngenitukana tu. Nilitaka majibu yasiyo na upande. Na tairi za IST nilizitafuta kwa sababu IST ilikuwa haina tairi. Kosa liko wapi?

Mpelelezi Binafsi:
Ndiyo chai yenyewe hiyo, umeongeza tangawizi tu.

Fundi Igawilo:
Kama ni chai tutaijua sasa hivi. Mleta uzi, nenda kwenye gari na tochi. Moja, kwenye ubavu wa tairi kuna herufi RSC ndani ya duara? Mbili, fungua buti, inua kapeti, niambie unaona nini. Tatu, linganisha namba za tairi la mbele na la nyuma.

Passo Nyekundu:
Mtihani wa taifa.

Mtoto wa Milimani:
Nimerudi. RSC ipo. Mbele 275/40 R20, nyuma 315/35 R20, kama ulivyosema. Chini ya kapeti hakuna tairi la spea, kuna sponji lenye matundu na kamba za kufungia mzigo. Tairi moja la nyuma lina kipele ubavuni kama punje ya mahindi. Sikukiona Dar.

Mpelelezi Binafsi:
Sawa. Gari lipo. Bado Kitonga na kikombe cha chai nina mashaka nacho.

Fundi Igawilo:
Hicho kipele ni nyuzi za ndani zimekatika, umeingia shimo kwa kasi wewe au aliyekutangulia. Tairi hilo lisipande mlima hata siku moja. Sasa sikia: RSC ni tairi zinazotembea bila upepo, ubavu wake ni mgumu makusudi. Likipata pancha una kama kilomita 80 kwa mwendo wa 80. Kwenye lami ya Mbeya kwenda Makambako zinakutosha kufika mji wenye fundi. Lakini ugumu uleule ndio unaompiga mzee mgongoni kila jiwe. Na mbele na nyuma saizi tofauti, kwa hiyo hata ukinunua spea, unanunua ya wapi?

Mwambie muuzaji akubadilishie seti ya rimu 18, saizi moja kote, tairi za kawaida, na spea kamili ndani ya buti. Hakikisha tu rimu zinapita kwenye breki. Akikubali, baki na X5 yako, nitakuunga mkono mbele ya hawa wote. Akikataa, mrudishie gari, nunua Prado uiwekee ngazi.

Mtoto wa Milimani:
Fundi, zile rimu 20 ndiyo uzuri wote wa gari. Ukiweka 18 linakuwa kama la msafara wa mazishi.

Dada wa Sae:
Kaka, mzee atakuwa ndani. Rimu tutaziangalia sisi.

Mtoto wa Milimani:
Nimempigia muuzaji. Anasema 18 anazo ila niongeze pesa kidogo. Tutaongea. Jumapili naazima Prado ya rafiki yangu, mzee apande zote mbili aseme mwenyewe. X5 naileta mpaka Chimala tu, na tairi lingine.

Fundi Igawilo:
Hapo sawa. Prado usiijaze upepo mpaka mwisho, watu wa sheli wana tabia hiyo. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Mwinjilisti wa Mwanjelwa:
Na mzee aambiwe bei ya zote mbili.

Mzee wa Mbao Mafinga:
Habarini, nimechelewa. Mambo ya magari mtamalizana. Mleta uzi, mzee kauza miti yote au kuna iliyobaki? Natafuta mirunda ya haraka, lori ninalo. Nicheki inbox.