Nyumba ya babu mchoraji, Entebbe: tuuze, tukodishe, au tufanye hoteli wenyewe?

Mjukuu_wa_Mchoraji (Entebbe)
Wakubwa shikamooni. Babu yetu alisoma uchoraji Makerere enzi za Bi Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale mwaka 1937. Ametuachia nyumba ya matofali, paa la vigae, milango ya mvule, na karakana inayotazama ziwa. Sakafuni bado kuna madoa ya rangi zake. Wajomba wanataka kuuza, na mnunuzi ameshasema atabomoa ajenge ghorofa. Shangazi anataka tumkodishe mwekezaji kwa miaka 25 aigeuze hoteli. Mimi nataka tuikarabati wenyewe, vyumba sita tu, karakana ibaki karakana. Kikao ni mwisho wa mwezi. Mwenye uzoefu anisaidie kupima.

Fundi_Chokaa (Jinja)
Kabla ya hesabu, tazama ukuta. Nyumba nyingi za umri huo zilijengwa kwa chokaa, na ukuta wa chokaa unapumua. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea. Rangi inabambuka, kisha uso wa tofali unamomonyoka. Hapa Jinja nimebandua saruji kwenye nyumba mbili, na wenyewe walilipa mara mbili kwa ukuta mmoja. Chokaa haitaki haraka: inarushiwa maji kidogo kidogo, inafunikwa magunia mabichi, inakauka taratibu. Vigae msivitupe. Vishusheni kimoja kimoja, kagueni mchwa kwenye mbao, vizima virudi upande wa mbele. Mkimkodisha mtu, chokaa, vigae na milango viandikwe kwenye mkataba, kwa sababu kisichoandikwa kitang'olewa.

Mama_Wageni (Kabale)
Mwanangu, nina nyumba ya wageni ya vyumba vitano kando ya Ziwa Bunyonyi, mwaka wa tisa huu. Vyumba sita kulipa mkopo wa benki ni kazi ngumu. Mlinzi, jenereta, mpishi, mtu wa zamu ya usiku: gharama ni karibu ileile uwe na sita au kumi na viwili. Mimi naponea chakula cha mchana cha wageni wanaokuja kula tu, wasiolala kwangu. Na ninyi huko mna wale wadudu wa ziwa wanaokuja kama moshi. Kibaraza kisipokuwa na wavu, mgeni hali chakula cha jioni. Kama hamna akiba, shangazi yako ana hoja. Ila miaka 25 ni mingi mno.

Mpimaji_K (Kampala)
Wajomba waelezwe hili. Kando ya Ziwa Victoria, mita 200 kutoka majini ni eneo la hifadhi kwa kanuni za mwaka 2000, na ujenzi humo unahitaji ruhusa ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda. Anayeahidi ghorofa aonyeshe ruhusa kwanza. Tena Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964 ya 13.41. Waulizeni majirani maji yalifika wapi mwaka ule, mtie alama.

Mwanasafari
Msidharau udogo. Passalacqua, kando ya Ziwa Como huko Italia, ni jumba la karne ya 18 alimokaa mtunzi wa muziki Vincenzo Bellini. Lilifunguliwa kama hoteli mwaka 2022 likiwa na vyumba 24 tu, na 2023 likawa namba moja katika orodha ya hoteli 50 bora duniani. Watu hulipa kulala alipofanyia kazi msanii.

Mama_Wageni (Kabale)
Kweli, lakini wale walikuwa na mtaji. Kijana huyu ana madoa sakafuni.

Mjukuu_wa_Mchoraji (Entebbe)
Asanteni sana, na mama yangu wa Kabale zaidi. Nimeenda kwa jirani: mwaka 2020 maji yaliishia kwenye mwembe, hatua kama arobaini chini ya nyumba. Shangazi amekubali tupeleke kikaoni hivi: nyumba kubwa ikodishwe miaka kumi, masharti ya Fundi yaandikwe yote, karakana ibaki mikononi mwa familia na ifunguliwe kwa wageni mchana. Wajomba bado. Mjomba mkubwa anasema ukuta umeoza, hautengenezeki. Fundi, nikikutumia nauli, utakuja Entebbe umgongee ukuta huo mbele yake kabla ya kikao?

Fundi_Chokaa (Jinja)
Jumamosi. Acha nauli, nitafutie ngazi ndefu.