Je, pianissimo (sauti ndogo sana) ni lazima ipigwe polepole?

Mwanafunzi wa piano:
Ninajifunza sehemu ya kwanza ya sonata ya Beethoven, Opus 27 namba 2, aliyoitunga mwaka 1801. Juu imeandikwa Adagio sostenuto (polepole, kwa kushikilia sauti), kisha sempre pianissimo e senza sordino (daima kwa sauti ndogo sana na bila vizuizi). Kila ninapopunguza sauti, kasi nayo hupungua. Je, maagizo haya ni jambo moja?

Mpiga ogani:
La, ndugu. Adagio, lento na largo huongoza kasi, ilhali piano (yaani sauti ndogo, si ala) na pianissimo huongoza ukubwa wa sauti; ndiyo maana hata presto (kasi sana) huweza kupigwa kwa sauti ndogo mno. Dolce, ambayo wengi huichanganya na hizo, huhusu ulaini wa mguso. Morendo (kwa kufifia) ndiyo yenye utata, kwa kuwa sauti hufifia na kasi mara nyingi hulegea pamoja nayo.

Mwalimu wa kwaya:
Nakubaliana na ndugu hapo juu. Tatizo liko vidoleni: anayeogopa kutoa sauti kubwa husitasita kabla ya kubonyeza. Piga kwanza kwa sauti ya kawaida ukifuata metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), kisha punguza nguvu bila kuigusa kasi.

Mpiga ogani:
Na hiyo senza sordino haihusu kanyagio la kushoto la kupunguza sauti, kama wengine wanavyodhani. Beethoven alitaka vizuizi, yaani vipande vinavyonyamazisha nyuzi, viachane nazo ili sauti iendelee kuvuma. Piano za wakati wake zilififia upesi. Kwa za leo, achia na ukanyage upya kanyagio la kulia, linaloinua vizuizi hivyo, kila kodi (noti zinazopigwa pamoja) inapobadilika, la sivyo sauti zitavurugana.